Namba Iliyodhaniwa Tasa

Kila jioni kengele ya shule ilipolia, wanafunzi wengi walitimua mbio kuelekea makwao. Msichana mmoja wa darasa la sita alikata kona na kuelekea zahanati. Mama yake alikuwa mpimaji katika maabara ya pale, na wawili hao walizoea kurudi nyumbani pamoja. Msichana aliingia kwa mlango wa nyuma, akanawa mikono, akakaa kwenye stuli kando ya kabati, kisha akafungua daftari. Kabla mama hajamaliza kuosha vioo vyake na kuifunika darubini, kazi zote za shule zilikuwa zimekwisha.

"Tayari?" mama angeuliza.

"Tayari, mama."

"Umehakiki?"

"Mama nawe! Nikishapata jibu, nihakiki nini tena?"

Shuleni walimwita Chapuchapu, na jina lenyewe hakulichukia. Mwalimu akiuliza saba mara nane, mkono wake ulikuwa juu kabla saba haijakutana na nane. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, alikosea kwa sauti kubwa, akacheka pamoja na wenzake, na mambo yakaishia hapo.

Dawati moja naye alikaa msichana wa sauti ndogo, tena mpole, ambaye ungedhani aliwekwa pale kwa utani. Huyu ukimwambia jambo lolote alikuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia mvua inanyesha, angekuuliza una hakika na huku matone yanamdondoka puani. Basi wakamwita Hakika. Baba yake alikuwa dobi mwenye chumba cha kazi mtaa wa pili kutoka shuleni. Tangu alipoanza shule, Hakika hakuwahi kusimama mbele ya darasa na kuzungumza. Akiitwa ubaoni aliandika jibu, nalo likawa sahihi, kisha akarudi kukaa bila kutoa neno.

Siku moja mwalimu wa Hisabati aliingia darasani na kopo lililojaa vikaratasi.

"Leo nimewaletea wageni," akasema. "Kila dawati litapokea namba moja kubwa. Mkae nayo mpaka mjue tabia zake. Ni shufwa au witiri? Inagawanyika kwa nini bila baki? Ni mraba wa namba fulani? Ijumaa wazazi watakuja, na kila dawati litaeleza habari za namba yake. Sharti ni moja tu: lolote mtakalolisema, muwe tayari kulionyesha."

"Mwalimu, wewe unazijua zote hizo?" akauliza mvulana wa dawati la nyuma. Mvulana huyo walimwita Meya, kwa sababu hata akiomba kuazima ufutio alisimama kama anayehutubia.

Mwalimu akacheka. "Nizijue zote? Namba hazina mwisho, na mimi muda wangu una mwisho. Nimeziandika kwa kufuatana tu. Mtakachokigundua, nitakigundua pamoja nanyi."

Chapuchapu alitia mkono kwenye kopo akatoa kikaratasi. Kilikuwa kimeandikwa 10,403. Alikigeuza nyuma kuona kama kuna kingine zaidi. Hakikuwa na kitu.

Meya alipata 10,404, na haikuchukua muda akaruka kutoka kitini. "Mia moja na mbili mara mia moja na mbili! Mraba kamili, mabibi na mabwana!" Akawatazama wasichana wa mbele yake, akasoma kikaratasi chao, akatikisa kichwa kwa huruma. "Poleni, majirani. Mmepungukiwa moja tu. Ni kama kufika karamuni sufuria zinaoshwa."

Chapuchapu alinuna. Namba yao ilionekana ya kawaida mno. Ilikuwa witiri, kwa hiyo mbili haikuigawa. Walijumlisha tarakimu zake wakapata nane, kwa hiyo tatu nayo ilishindwa. Haikuishia na sifuri wala tano. Waligawa kwa saba, ikabaki moja.

"Labda ni namba tasa," Hakika akanong'ona.

Uso wa Chapuchapu ukachangamka mara moja. Namba tasa! Namba yenye tarakimu tano isiyogawanyika kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe! Hiyo ingeuzima mraba wa Meya na hotuba zake zote. Alimwita mwalimu pale pale.

"Inawezekana," mwalimu akasema baada ya kuinama juu ya dawati lao. "Lakini namba kubwa huwezi kuitazama usoni ukajua kama ni tasa. Inabidi muigawe."

"Kwa namba zote, mwalimu? Si tutazeeka humu!"

"Hamtazeeka. Sikilizeni. Vigawo hutembea viwili viwili. Kumi na tano ni tatu mara tano, thelathini na tano ni tano mara saba. Sasa, namba yenu ikiwa na vigawo viwili, vyote viwili haviwezi kufika mia moja na mbili, maana mia moja na mbili mara yenyewe ni 10,404, tayari imewapita. Lazima kimoja kiwe chini ya hapo. Kwa hiyo tafuteni mpaka mia moja na moja. Msipokipata, hakipo. Tena msigawe kwa kila namba. Gaweni kwa namba tasa tu. Kama mbili imeshindwa, nne na sita hazina ubavu."

Waliziorodhesha namba tasa kuanzia mbili hadi mia moja na moja. Zilikuwa ishirini na sita.

"Bandu bandu huisha gogo," mwalimu akasema, akaenda dawati jingine.

Wasichana wakagawana kazi. Hakika alichukua zile ndogo, kumi na tano, kuanzia mbili hadi arobaini na saba. Chapuchapu alichukua kumi na moja zilizobaki, kuanzia hamsini na tatu.

Jioni hiyo Chapuchapu alianza vizuri. Alikaa barazani kwao na karatasi magotini, akagawa 10,403 kwa 53, ikabaki 15. Akagawa kwa 59, ikabaki 19. Akagawa kwa 61, ikabaki 33. Uani watoto wa majirani walikuwa wanaruka kamba, na kamba ilikuwa inapiga chini kwa mdundo ambao miguu yake iliufuata yenyewe chini ya kiti.

"Chapu! Tumebakiza nafasi yako!" mmoja akaita.

Aliitazama orodha. Zilibaki nane. Hakika alikuwa anagawa kwa namba kumi na tano, yeye mwenyewe ameshagawa kwa namba tatu, na hadi sasa hakuna hata moja iliyoigusa namba hii. Zilizobaki zingekuwa na nini cha ajabu? Namba ilikuwa tasa, hilo alishaliona. Kumalizia ilikuwa ni kupoteza muda tu.

Basi akaandika: 67, baki 27. 71, baki 40. Aliendelea kushuka hivyo, akichagua baki zinazoonekana za kweli, akihakikisha kwamba hakuna baki inayozidi namba iliyogawa. Katika uongo huo alikuwa mwangalifu kuliko alivyowahi kuwa katika hesabu yoyote. Mwisho kabisa aliandika: 101, baki 14. Akaikunja karatasi, akakimbilia kamba.

Kesho yake Hakika alikuja na kurasa nne. Kila mgawanyo ulikuwa umeandikwa wote, na kando yake alikuwa amezidisha kurudi nyuma ili kuhakiki. Aliipokea karatasi ya mwenzake, akaitazama juu na chini.

"Hesabu zenyewe ziko wapi? Naona majibu tu."

"Nilifanyia kwenye karatasi chakavu, nikaitupa."

"Una hakika nazo?"

"Nina hakika."

Hakika akamtazama, kisha akatabasamu tabasamu pana ambalo watu walikuwa hawalioni mara kwa mara. "Basi ni tasa," akasema polepole, kama anayeonja neno. "Tumetafuta kote, na ni tasa kweli."

Walimpelekea mwalimu. Alizipitia kurasa za Hakika, akaipitia karatasi ya Chapuchapu, akaweka alama ya vema chini. "Kazi nzuri. Nani atawaeleza wazazi?"

Chapuchapu alikwisha kufungua mdomo, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Mimi," akasema Hakika. "Nataka kusema mimi."

Darasa zima liligeuka. Hakika mwenyewe alionekana kushtushwa na maneno yake, lakini hakuyarudisha. Siku mbili zilizofuata alifanya mazoezi chini ya ngazi wakati wa mapumziko. Alimweleza baba yake, na baba akaahidi kwamba Ijumaa atafunga kazi aje kumsikiliza.

Alhamisi baada ya masomo walibaki darasani kutengeneza mabango. Meya na mwenzake walitandaza sakafuni karatasi kubwa waliyoichora nukta kwa rula, safu mia moja na mbili, kila safu nukta mia moja na mbili. Hakika alikuwa amepiga magoti pembeni, akipaka rangi herufi za bango lao: NAMBA TASA. Alikuwa amefika kwenye S, ulimi umetokeza kidogo kwa umakini.

Chapuchapu alijisogeza kwenye karatasi ya Meya ili amchokoze. Akaziba kwa kidole gumba nukta moja ya pembeni, kwenye safu ya juu. "Haya, sasa ni namba yetu hiyo," akasema.

"Ondoa dole lako, linaacha alama!" Meya akalalamika.

Lakini Chapuchapu hakuliondoa. Alikuwa anaitazama ile safu ya juu. Ikikosa nukta moja, ina nukta mia moja na moja. Chini yake zimebaki safu mia moja na moja. Je, mtu angeichukua ile safu ya juu, akaisimamisha wima ubavuni mwa zile nyingine? Kila safu ingepata nukta moja ya ziada. Zingekuwa safu mia moja na moja, kila moja ina nukta mia moja na tatu, na hakuna hata nukta moja iliyobaki nje.

Akahesabu kichwani upesi. Mia moja mara mia moja na tatu ni 10,300. Ongeza mia moja na tatu. 10,403.

Mia moja na moja ilikuwa kwenye orodha yake. Ilikuwa ya mwisho kabisa, ile aliyoiandikia baki 14.

"Njoo uone," Hakika akamwita, akiinua bango kwa ncha za vidole. "Imependeza?"

"Imependeza," akajibu Chapuchapu bila kulitazama.

Zahanatini jioni ile kulikuwa na watu. Baba mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akiwa amempakata mtoto mwenye homa, kichwa cha mtoto kimelala begani kwake. Ndani, mama alikuwa ameinamia darubini, mkono mmoja kwenye kioo, mwingine ukibonyeza kihesabio kidogo, tiki, tiki, tiki. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya zambarau ya rangi inayotiwa kwenye damu ili vijidudu vionekane.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Dada, bado tu? Baba wa watu anauliza."

"Bado," mama akasema bila kuinua kichwa.

Chapuchapu akakaa. Baada ya kitambo akauliza, "Mama, umeona vijidudu vya malaria?"

"Sijaona."

"Umetazama sehemu ngapi?"

"Themanini na kitu kati ya mia."

"Si uandike tu kwamba hakuna? Kama hujaviona mpaka sasa..."

Mama akaendelea kubonyeza. Tiki, tiki. Alipofika mwisho aliinua kichwa, akasugua macho kwa mgongo wa mkono, akaandika jibu kwenye fomu ya mgonjwa na kumkabidhi muuguzi. "Nimetazama sehemu zote mia. Hakuna. Mwambie daktari homa hii aitafutie sababu nyingine."

Ndipo akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, kusema 'kipo' ni rahisi. Ukikiona kimoja, umemaliza. Lakini 'hakipo' ni neno zito. Hulisemi mpaka umetazama kote, na mahali ambapo hukutazama ndipo penyewe panapoweza kukuumbua. Daktari haji kuinamia darubini hii. Ameniazima macho. Nikimwambia nimetazama nami sikutazama, yule mtoto pale nje ndiye atakayelipa."

Chapuchapu akaanza kulia, kwanza polepole, kisha kwa kwikwi. Akaeleza yote: orodha, kamba, zile baki nane za kubuni, nukta za Meya, na Hakika na bango lake.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea, na hilo lilimuuma Chapuchapu zaidi ya kukemewa.

"Sasa unataka kufanya nini?" mama akauliza.

"Nitamwambia mwalimu kesho."

"Na Hakika je? Yeye ndiye atakayesimama."

"Nitamwambia... kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi atakuwa anatetemeka magoti. Kwao si mbali, na jua bado lipo. Vaa viatu, nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Chumba cha dobi kilijaa mvuke na harufu ya nguo safi. Baba yake Hakika alikuwa anapiga pasi shati jeupe, na Hakika alikuwa anakunja mashuka.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," dobi akasema. "Umekuja kumsikiliza mwenzako? Tangu jana ananihutubia mimi na mashati yangu. Mashati yamenyooka yenyewe!"

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke. Akamsalimia kwa heshima, akamgeukia rafiki yake, akalisema haraka kabla halijarudi kooni. "Namba yetu si tasa. Ni mia moja na moja mara mia moja na tatu. Nilikudanganya. Nilifanya hesabu tatu tu. Zile nane nilizibuni."

Hakika alilishusha shuka mezani.

"Ulizitoa wapi zile baki?"

"Kichwani."

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza."

"Kesho ningesimama mbele ya baba yangu," Hakika akasema, "niseme uongo, nikidhani nasema kweli. Yeye atafunga kazi ili aje anisikilize."

"Uongo ungekuwa wangu, si wako."

"Mdomo ungekuwa wangu."

Dobi aliweka pasi kando, akasogeza nguo kwenye kona ya meza, akaacha nafasi tupu. Hakika akaleta penseli mbili na karatasi.

"Tuanze na hamsini na tatu," akasema.

"Hiyo niliifanya kweli."

"Tuanze na hamsini na tatu."

Waligawa zote kumi na moja, kila mmoja peke yake, kisha wakalinganisha. 67 ilibaki 18, wala si 27. 71 ilibaki 37. Waliendelea hivyo, 73, 79, 83, 89, kila moja na baki yake. 97 ilibaki 24. Kisha wakaandika 101, wakashusha tarakimu moja moja, na mwisho wa hesabu kukabaki sifuri. Hakika aliitazama sifuri ile kwa muda mrefu.

"Ilikuwa imejificha mahali pa mwisho kabisa," akasema. "Uliijuaje kama hukugawa?"

Chapuchapu akatazama huku na huku. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la vifungo vilivyodondoka kwenye nguo za wateja. Akaomba ruhusa, akapanga vifungo kumi na sita mezani, safu nne za vifungo vinne. Akaondoa kimoja cha pembeni kwenye safu ya juu. Akavichukua vitatu vilivyobaki kwenye safu hiyo, akavisimamisha ubavuni. Zikawa safu tatu za vifungo vitano.

"Kumi na sita ukitoa moja ni kumi na tano. Tatu mara tano. Upande mmoja umepungua moja, mwingine umeongezeka moja."

Hakika alikuwa bado amekasirika, ilionekana, lakini mkono wake ulinyooka wenyewe kwenye kopo. Akapanga ishirini na tano, akatoa kimoja, akahamisha safu. Nne mara sita. Akapanga thelathini na sita. Tano mara saba.

"Kila mara," akanong'ona. "Mraba ukitolewa moja, kila mara."

Dobi naye alikuwa ameinama juu ya meza, pasi imesahauliwa. "Nyie watoto," akasema, "na hivyo ni vifungo tu."

Chapuchapu alipoaga, Hakika alimfuata mpaka mlangoni. "Kesho habari za namba nitazieleza mimi," akasema. "Lakini zile baki za uongo utazieleza wewe. Mimi sizibebi."

Ijumaa darasa lilijaa wazazi mpaka madirishani. Zamu yao ilipofika, aliyetangulia mbele alikuwa Chapuchapu. Alikuwa amemwendea mwalimu asubuhi, na mwalimu alimwambia neno moja tu: "Waeleze."

"Majuzi tulimwambia mwalimu kwamba namba yetu ni tasa," akaanza. Kwa mara ya kwanza maishani alizungumza polepole. "Haikuwa kweli. Mwenzangu alifanya sehemu yake yote. Mimi nilichoka, nikaandika majibu ya kubuni, nikampa kama ya kweli. Yeye hakujua. Kosa ni langu peke yangu."

Watu wakanong'onezana. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Chapuchapu alimwona mama yake kando ya mlango, bado na koti la kazi, akimtazama moja kwa moja.

Kisha Hakika akasogea mbele. Akamtafuta baba yake kwa macho, akampata, akavuta pumzi. "Namba yetu ni 10,403," akasema. "Ili niwaonyeshe ilivyo, naomba karatasi ya majirani zetu. Na mkasi."

Meya akasimama kama aliyechomwa na mwiba. "Mnataka kuukata mraba wangu?"

"Safu moja tu."

Meya aliutazama mraba, akawatazama wazazi, akakunja uso. Ilikuwa kazi ya siku tatu. "Haya," akasema mwishowe, safari hii bila hotuba. "Lakini mkate taratibu."

Chapuchapu alishika karatasi, Hakika akakata. Safu ya juu ikatoka kama utepe mrefu. Hakika akaikata nukta moja ya mwisho, akampa Meya mkononi. "Hii ni yako, ndiyo inayotutofautisha." Watu wakacheka. Utepe uliobaki waliusimamisha wima ubavuni mwa karatasi, wakaubandika kwa gundi. Nukta za utepe zilikaa sawa sawa na safu zote, kutoka juu hadi chini. Hazikupungua wala kuzidi.

"Safu mia moja na moja," Hakika akasema, na sauti yake sasa ilifika mpaka madirishani. "Kila safu nukta mia moja na tatu. Na hizo mbili zenyewe ndizo namba tasa. Hizo nazo tumezigawa, tukahakiki. Haikuwa tasa. Imezaliwa na tasa wawili."

Dobi alianza kupiga makofi kabla ya wengine, akaendelea hata wenzake walipokwisha kuacha.

Mwalimu wa Hisabati alikuja mbele. "Kabla sijasema la kwao, niseme langu," akasema. "Karatasi ile yenye baki za kubuni niliiona, nikaiwekea vema. Sikugawa hata mara moja. Kwa hiyo vema yangu nayo ilikuwa ya kubuni." Akaugeukia upande wa wanafunzi. "Wanangu, namba haimwogopi mtu wala haimpendelei mtu. Ukiidanganya, yenyewe haibadiliki. Inakaa pale pale na ukweli wake, ikimngoja mwenye subira. Tumekosea, mmoja wa hawa kwa haraka yake, na mimi kwa uvivu wangu. Lakini kosa likisemwa mapema, hata kwa aibu, hugeuka kuwa somo. Likifichwa huzaa makosa mengine, na hayo hayana hesabu."

Zawadi ya siku hiyo ilikwenda dawati jingine. Alama za sehemu ya kwanza ya kazi yao mwalimu alizikata, na Chapuchapu hakulalamika.

Jumatatu yake alimpa Hakika jibu la swali moja la ubaoni. Hakika alilipokea, akachukua penseli, akalifanya lote upya kutoka mwanzo. Siku iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Jioni, wakitembea kurudi nyumbani, Chapuchapu alimlalamikia mama yake.

"Nilimwomba radhi, naye akasema yamekwisha. Mbona bado haniamini?"

"Amekusamehe, mwanangu. Lakini kusamehe ni jambo moja, na kuamini ni jambo jingine. Msamaha mtu anaweza kukupa kwa siku moja. Imani yake uliipoteza kwa hesabu nane ambazo hukuzifanya, na sasa utairudisha kwa hesabu nyingi utakazozifanya. Mwache ahakiki. Wewe fanya kazi yako mpaka ya mwisho, hata ile ambayo unadhani hakuna atakayeitazama. Siku moja atalipokea jibu lako na kuendelea na kazi yake. Siku hiyo hatakutangazia. Utaiona mwenyewe."